Uzi: Kuvuna, kuhifadhi na kuotesha mbegu za irisi nyumbani (wenye mbegu zisizoota piteni hapa)

#1 Mwanzisha uzi
Septemba 9

Wakuu, salaam.

Jana nimekata vikoba vya mwisho vya mbegu za irisi hapa nyuma ya nyumba. Wapo wanabodi watatu walioniandikia pembeni wakiuliza namna ya kuotesha maua haya kwa mbegu, na wawili kati yao mbegu zao zimekaa mwaka mzima bila kuota. Badala ya kumjibu kila mmoja peke yake, nimeona niweke yote hapa, na wenye uzoefu wa nyumbani waongeze.

Kwa asiyeyajua, irisi ni maua ya nchi za baridi za kaskazini mwa dunia. Aina zake zinakaribia 300, majani yamesimama kama panga, na jina lake linatokana na mungu wa kike wa upinde wa mvua wa Wagiriki wa kale, kwa ajili ya wingi wa rangi zake. Kuna kundi linaloitwa irisi zenye ndevu, hizi mzizi wake ukiuona umelala juu ya udongo utadhani ni tangawizi. Si tangawizi, ni sumu. Unachoma mdomo na kuvuruga tumbo. Wenye watoto wadogo wekeni mizizi na mbegu mbali nao.

Mimi nipo Minnesota, Marekani, huu ni mwaka wa tisa. Nina irisi zenye ndevu, irisi za Siberia, na Iris versicolor, ile ya buluu ya kando ya maji ambayo ni mwenyeji wa huku.

Mwaka wangu wa kwanza nilivuna vizuri, nikakausha mbegu, nikazitia kwenye bahasha, bahasha nikaiweka kwenye friji. Nilikuwa nimesoma kwamba irisi inataka baridi kwa miezi mitatu, nami nikaipa minne. Machi nikapanda. Haikuota hata moja. Niliumia sana, maana mbegu zile nilizichavusha kwa mkono wangu, ua kwa ua.

Kosa langu lilikuwa hili: mbegu kavu ikikaa ndani ya friji inahifadhika tu, kama mahindi ghalani. Siku zake za baridi hazihesabiki. Zinaanza kuhesabika pale mbegu ilipokwisha kunywa maji na ikabaki na unyevu ndani ya baridi hiyo. Wale wawili ambao mbegu zao hazikuota walifanya kama nilivyofanya mimi.

Sababu yake ni kwamba ndani ya mbegu ya irisi mna kemikali za kuizuia isiote. Porini mbegu hudondoka mwishoni mwa kiangazi, na kama ingeota wakati huo mche mchanga ungekutana na barafu ukafa. Kwa hiyo inasubiri. Mvua na theluji vinazitoa zile kemikali kidogo kidogo, na baridi yenye unyevu inaiamsha mbegu kwa ndani. Miaka ya 1940 mtafiti L. F. Randolph wa Chuo Kikuu cha Cornell alionyesha kwamba kiinitete, yaani kile kimche kichanga kilicholala ndani ya mbegu, kikitolewa humo na kuwekwa kwenye chakula cha maabara, kinaota bila kungoja baridi yoyote. Maana yake kiinitete chenyewe kiko tayari, kinachokizuia ni vile vinavyokizunguka.

Kuvuna. Irisi za Siberia na versicolor nyuki wanamaliza kazi, utakuta vikoba vyenyewe. Zenye ndevu ni tofauti, ua lake limejengwa kwa namna ambayo nyuki mara nyingi hupita bila kuchavusha. Mimi hufanya asubuhi umande ukishakauka: nachukua chavua kwa kibanio cha nyusi, naipaka kwenye kile kidomo chembamba kilicho juu kidogo ya kijiti cha chavua. Baada ya wiki moja hivi, sehemu iliyo chini ya ua ikianza kuvimba, ujue imeshika.

Toka hapo hesabu wiki 8 hadi 10. Kijani kikianza kufifia, pita kila siku. Kikoba kinageuka kahawia, kisha ncha inapasuka katika mistari mitatu. Siku hiyo hiyo kata. Ukingoja kesho kutwa upepo utakuwa umeshamwaga. Nikijua nitasafiri navivalisha vipande vya soksi laini za kike na kufunga kwa uzi, mbegu zikimwagika zinabaki humo. Na usikate kikiwa kibichi kabisa, utakuta mbegu nyeupe laini ambazo haziwezi tena kukomaa.

Ndani mna vyumba vitatu. Za zenye ndevu ni za mviringo, na zikikauka hujikunja hadi zinafanana na pilipili manga. Za Siberia ni ndogo, bapa, umbo la herufi D, zimepangana kama sarafu. Bonyeza kwa ukucha: ngumu ni nzima, ile nyepesi inayobonyea ni ganda tupu.

Kuhifadhi. Zianike kivulini juu ya gazeti wiki moja hadi mbili, kisha zitie kwenye bahasha ya karatasi. Plastiki hapana, unyevu kidogo tu uliobaki utaleta ukungu. Andika aina, tarehe, na kama umechavusha mwenyewe andika mama na baba. Tumia penseli, wino wa kalamu nyingi hufutwa na jua na maji. Bahasha zote naziweka kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko, pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Chupa inakaa kwenye friji, si kwenye friza.

Kuotesha. Njia ya kwanza ni ya nje, kwa tunaokaa penye theluji. Oktoba napanda kwenye magaloni ya plastiki ya maziwa niliyoyakata katikati na kutoboa chini, kina cha sentimita moja, naacha nje majira yote ya baridi. Sihangaiki nayo mpaka Aprili. Juu nafunika kwa wavu wa waya, kwa sababu panya na kindi wanafukua.

Njia ya pili ni ya friji, na hii ndiyo ya wenzangu wa nyumbani. Loweka mbegu siku 7 hadi 14, ukibadilisha maji kila siku. Wazalishaji wa irisi huku wana mbinu yao ya miaka mingi: wanazifunga ndani ya soksi laini na kuzining'iniza kwenye tangi la maji la choo, lile la juu lenye maji safi. Kila mtu akivuta maji, mbegu zimebadilishiwa. Mimi natumia chujio na bakuli. Baada ya hapo changanya na mchanga safi au vemikulaiti (chembe nyepesi za madini za kuoteshea mbegu) yenye unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa, tia kwenye mfuko wenye zipu, weka kwenye friji ya kawaida, nyuzi 4 hivi. Zenye ndevu wiki 8 hadi 12. Versicolor ipe miezi mitatu hadi minne. Ukizitoa, panda na uweke mahali pa nyuzi 15 hadi 20.

Karibuni kwa maswali.

#2 Msomaji wa Usiku
Natia nanga hapa, nitarudi kusoma nikitulia.

#3 Mkulima wa Njombe
Septemba 10

Mkuu, asante sana, umenifumbua macho. Mimi ni mmoja wa walioweka bahasha kavu kwenye friji. Mbegu zangu ni za irisi zenye ndevu, nilizitoa kwenye bustani ya mahali nilipokuwa nafanya kazi.

Maswali mawili. Njombe kuna baridi, Juni na Julai huwa tunaamka tukakuta umande umeganda. Siwezi kuacha vyungu nje tu? Pili, umeme ukikatika usiku kucha, mbegu zilizo kwenye friji zitakuwa zimerudi nyuma?

Niongeze kitu kwa faida ya wengine. Ukoo wa irisi upo kwetu. Ukipanda Kitulo, ambayo ni Hifadhi ya Taifa tangu 2005, kati ya Desemba na Aprili utaziona moraea na gladiolasi za porini zimejaa uwandani. Wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu. Hizo ni za kutazama, si za kuchimba.

#4 Mwanzisha uzi
Septemba 10

Ndugu yangu wa Njombe, ahsante kwa kuileta Kitulo.

Baridi yenu ya Juni ni kali usiku, lakini mchana jua linatoka na udongo wa kwenye chungu unapata joto tena. Mbegu inataka baridi iliyotulia kwa wiki nyingi mfululizo. Usibahatishe, tumia friji.

Umeme wa usiku mmoja usikuumize kichwa. Usifungue mlango, na funga ule mfuko kwa taulo ndani ya friji. Kwenye mchanga wenye unyevu joto linapanda polepole. Cha kuogopa zaidi ni mfuko kukauka bila wewe kujua. Uushike kila Jumapili, ukiona hauna ukungu wa maji kwa ndani nyunyiza kidogo.

Zile bahasha zako usizitupe. Kama zilikaa kavu mbegu ni nzima bado. Anza kuloweka.

#5 Mama wa Magomeni
Septemba 11

Hongera mwanangu kwa kazi nzuri na kwa kueleza bila kubania. Mimi nipo Dar, napenda maua tangu ujana wangu. Je, huku pwani haya yatakubali? Na nimesikia zafarani ni ndugu wa irisi. Kama ni hivyo, mbegu za zafarani nazo nizifanyie hayo hayo ya friji? Maana bei yake sokoni unaijua.

#6 Mwanzisha uzi
Septemba 11

Shikamoo mama.

Nikueleze ukweli ili usipoteze hela. Irisi zenye ndevu zinahitaji majira ya baridi ili zichanue vizuri, na joto la pwani likichanganyika na unyevu huozesha ule mzizi wake. Mbegu inaweza kuota kwa njia ya friji, lakini mche hautafika mbali. Wenzetu wa nyanda za juu wana nafasi. Kwa pwani kuna kundi la irisi za Louisiana, zinatoka kwenye vinamasi vya joto vya kusini mwa Marekani. Hizo zinavumilia joto na kupenda maji, kama unaweza kuwapatia mahali penye tope.

Zafarani kweli ni ukoo mmoja. Lakini mama, zafarani haina mbegu. Mmea ule ni tasa, una seti tatu za kromosomu badala ya mbili, hauzai. Popote unapolimwa huzalishwa kwa vitunguu vyake vya chini ya udongo, wanavigawanya na kuvipanda upya. Kwa hiyo ukikutana na mtu anakuuzia "mbegu za zafarani", usimpe hata shilingi. Naomba wengine pia mlisambaze hili, maana watu wanaibiwa.

#7 Mama wa Magomeni
Marahaba mwanangu. Umeniokoa, nilikuwa nimeshaonyeshwa kipakiti. Mungu akubariki.

#8 Mkongomani wa Montréal
Septemba 13

Jambo ndugu zangu. Huku Québec hiyo Iris versicolor unayosema ndiyo ua rasmi la jimbo tangu 1999, wanalichora hata kwenye vitabu vya shule vya watoto wetu. Ndiyo maana nilitaka kuwaoteshea watoto nyumbani. Nilivuna mbegu kando ya bwawa la rafiki yangu, yeye mwenyewe aliniruhusu. Nikazitia kwenye maji kama tunavyofanya na maharage, zinazozama nipande, zinazoelea nitupe. Zote zikaelea. Nikazitupa zote. Zilikuwa mbovu?

#9 Mwanzisha uzi
Septemba 13

Pole sana ndugu. Zilikuwa nzima.

Mbegu za irisi za majini zimeumbwa zielee, ganda lake lina hewa. Maji ndiyo yanayozichukua kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Kile kipimo cha kuzama na kuelea kinafaa kwa maharage, kwa hizi hakifai kabisa. Tumia ukucha kama nilivyoeleza juu. Bado hujachelewa, Septemba vikoba vingine bado vipo, mrudie rafiki yako. Huko kwenu huna haja ya friji, panda kwenye chungu, acha nje, hakikisha udongo haukauki.

Tahadhari moja kwa wote mnaookota mbegu kando ya maji huku Amerika ya Kaskazini: mkikuta yenye ua la njano, Iris pseudacorus, iacheni. Imetoka Ulaya, mbegu zake zinaelea vile vile, na imeziba kingo za mito na maziwa mengi. Hapa Minnesota ni kosa kuipanda kwenye maji ya umma.

#10 Binti wa Limuru
Septemba 15

Mimi niko na irisi moja ya zambarau iliyokolea, karibu nyeusi, shosho alipewa na majirani zamani sana. Nataka niwape dada zangu wote wawili kila mtu yake. Nikipanda mbegu zake zitatoka hivyo hivyo?

#11 Mwanzisha uzi
Septemba 15

Hapana dada, na hili nilipaswa kuliandika tangu mwanzo. Irisi nyingi zenye ndevu zilizo bustanini ni machotara ya machotara. Mbegu kumi za kikoba kimoja zinaweza kukupa rangi kumi, na pengine hakuna hata moja itakayofanana na mama yao. Utamu wa kupanda mbegu uko hapo, kwa anayetaka kuona kitu ambacho hakijawahi kuchanua popote.

Ya shosho igawanye kwa mzizi. Subiri wiki sita hivi baada ya kuchanua, chimba, kata vipande vyenye jani na mizizi, punguza majani yabaki shubiri moja, panda mgongo wa mzizi ukiwa unaonekana juu ya udongo. Hizo zitakuwa ile ile ya shosho, mmea ule ule.

#12 Mzigua wa Lushoto
Septemba 18

Naomba nieleweshwe. Huku kwetu kuna ua jeupe, lina alama ya njano na katikati zambarau hafifu, majani kama ya irisi, linachanua asubuhi na kufikia jioni limenyauka, halafu kesho linatoka jingine. Limepandwa kwenye ngazi za nyumba nyingi za zamani. Ni irisi?

#13 Mwanzisha uzi
Septemba 18

Ndugu, umenigusa. Mimi ni wa hapo hapo Lushoto, na ua hilo lilikuwa kwenye ngazi za kwa bibi yangu. Ni Dietes, binamu wa karibu sana wa irisi, na Dietes iridioides ni ya kwetu kabisa, inamea yenyewe kuanzia Ethiopia, inapita Kenya, Uganda na Tanzania, mpaka Afrika Kusini.

Kwa mtu wa nyumbani anayetaka kuanza, ningempa hili kabla ya irisi yoyote ya kigeni. Halihitaji friji. Vuna kikoba kikiwa kahawia, loweka mbegu usiku mmoja, panda kina cha sentimita moja kwenye kivuli chepesi. Likipata unyevu wa kutosha litaanza kutoka ndani ya wiki chache, mbegu nyingine zitachelewa hadi miezi miwili. Na ukimaliza kuvuna usikate ule mkono wa ua ukiwa bado kijani, utachanua tena msimu ujao.

#14 Mgeni Mwanza
Septemba 20

Mkuu unitumie mbegu chache kwenye bahasha ya barua, nitalipia stempu.

#15 Mwanzisha uzi
Septemba 20

Ningependa sana, lakini mbegu haziingii nchi kienyeji hivyo. Tanzania unahitaji kibali cha kuingiza kutoka TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na mtumaji anatakiwa awe na cheti cha afya ya mimea cha huku. Kenya ni KEPHIS. Bahasha ya kificho inaweza kubeba ugonjwa ukaingia kwenye mashamba ya vitunguu au maua ya watu. Ukiwa na kibali, kundi la Species Iris Group of North America lina utaratibu wa kugawana mbegu kila mwaka. Vinginevyo anza na Dietes ya mtaani kwako.

#16 Mkulima wa Njombe
Novemba 2

Wakuu, nimefungua mfuko nimekuta ukungu mweupe juu ya mbegu tano au sita. Nitupe zote au kuna la kufanya?

#17 Mwanzisha uzi
Novemba 2

Usitupe! Zimwage kwenye chujio, zioshe kwa maji yanayotiririka. Zibonyeze: zilizolainika ndizo zilizooza, ondoa hizo tu. Zilizo ngumu zitie kwenye maji yenye jiki, sehemu moja ya jiki kwa tisa za maji, dakika kumi, kisha zisuuze mara kadhaa. Badilisha mchanga, na huu mpya uuchemshe kwanza au uukaange kwenye sufuria ukapoe. Rudisha kwenye friji, hesabu inaendelea pale pale ilipofikia. Ukungu mara nyingi unakula mabaki ya ganda, wala haujafika ndani.

#18 Mkulima wa Njombe
Desemba 11

MREJESHO. Leo wiki ya kumi. Nimeushika mfuko kama ulivyosema, nikaona mbegu tatu zimetoa kijimzizi cheupe humo humo ndani ya friji! Nimemwita mke wangu aje aone. Nifanye nini sasa?

#19 Mwanzisha uzi
Desemba 11

Hongera sana! Toa hizo tatu kwa kibanio, shika mbegu yenyewe, mzizi usiuguse. Panda kwenye kopo lenye udongo mwepesi, mzizi ukitazama chini. Zilizobaki zipe wiki mbili zaidi, kisha zipande zote. Na zikikaa kimya hata mwaka, acha makopo yalivyo na uyape maji. Irisi nyingine huota mwaka wa pili, nyingine wa tatu. Nimewahi kumwaga chungu nikakuta mbegu zimetoa mizizi chini, sitarudia.

#20 Mkongomani wa Montréal
Mei 17

Ndugu, theluji imeisha na zimeota. Nilizihesabu na watoto, ni 19. Kila mtoto amechagua chungu chake.

#21 Mwanzisha uzi
Mei 18

Nimefurahi mno. Mimi nimepata hivi: zenye ndevu 34 kati ya 60, za Siberia karibu zote, versicolor 11 tu kati ya 40. Vyungu vya versicolor nimevirudisha kivulini, vinasubiri mwakani.

Njombe, kwema?

#22 Mkulima wa Njombe
Mei 18

Kwema kabisa. Nina miche 23, majani yamefika urefu wa kidole cha kati. Nihamishe shambani sasa au baridi ya Juni itaiua? Na itachanua lini?

#23 Mwanzisha uzi
Mei 18

Baridi ya Juni haitaiua, hiyo ndiyo wanayoipenda. Kinachoua ni maji kutuama. Tengeneza tuta lililoinuka, jua nusu siku au zaidi, nafasi ya sentimita 30 mche kwa mche, mbolea ya samadi usiweke kabisa karibu na shina. Kuchanua hesabu mwaka wa pili au wa tatu.

Kila mche upe namba, uiandike kwa penseli, maana wote ni wapya na hakuna anayejua rangi zao. Siku namba yoyote ikitoa ua, rudi kwenye uzi huu uniambie imetoka rangi gani.